Bwawa la Zimamoto

Bwawa letu la kuogelea lina kila kitu isipokuwa ruhusa ya kuogelea. Lina maji ya uvuguvugu, lina ngazi nne za chuma, lina mistari ya buluu sakafuni, na juu ya mlango wake kuna kibao nilichokiandika mwenyewe: HODHI LA MAJI YA KUZIMIA MOTO. Mimi ni karani wa mji wa Port Halvor. Uongo wowote wa kiserikali unaotoka hapa lazima upite mezani kwangu, na kwa kawaida mimi ndiye ninayeusahihisha herufi.

Shule yetu ya zamani ilikuwa inavuja. Darasa la tano walikuwa na ndoo sita, na mwalimu alizipa majina ili watoto wasigombane zamu ya kuzimwaga. Mji wa watu mia tisa hauwezi kujenga shule kwa mfuko wake, hata tukiacha bia wote, jambo ambalo hakuna aliyelipendekeza. Kwa hiyo huku Alaska kuna utaratibu: mji unakopa kwa kuuza hatifungani, unajenga, halafu kila mwaka unapolipa deni, jimbo linakurudishia senti sabini katika kila dola. Jimbo lina mafuta, sisi tuna mvua. Ila jimbo lina orodha yake. Madarasa, sawa. Jiko, sawa. Ukumbi wa michezo, sawa, mradi usizidi kipimo. Bwawa la kuogelea, hapana, kwa sababu bwawa ni anasa.

Anasa hiyo ndiyo iliyomnyima Shangazi Fevronia Larionoff raha kwa miaka kumi na tatu. Si shangazi yangu hasa. Wazazi wangu walitoka Ufilipino kuja kukata samaki kiwandani, na wa kwake walikuwa hapa kabla hata Warusi hawajafika. Lakini mji mzima unamwita shangazi, hata wanaomwogopa, nao ndio wengi. Mwanawe Makari alikufa maji akiwa na miaka kumi na tisa. Hakufia kwenye dhoruba wala kwenye kina kirefu. Aliteleza gatini saa nne asubuhi, hatua tano kutoka kwenye ngazi, amevaa buti za mpira na koti la mvua. Watu watatu walikuwa wamesimama pale wanamwona. Yeye hakujua kuogelea, na wao hawakujua. Mji mzima unakula kutoka baharini na hakuna anayejua kuogelea, maana bahari yetu ni baridi ya kuua na mahali pengine pa kujifunzia hapakuwapo. Mume wangu amevua samaki miaka ishirini na sita, na mpaka leo akiingia kwenye beseni la kuogea anashika kingo.

Baada ya mazishi, Fevronia alikwenda Anchorage akakaa kwa binamu yake wiki saba. Alijifunza kuogelea akiwa na miaka hamsini na nane, katika darasa moja na watoto wa miaka sita, na cheti alichopewa kilikuwa na picha ya chura. Kimetundikwa sebuleni kwake chini ya picha ya Makari. Tangu hapo hakuomba kitu kingine chochote duniani ila watoto wa Port Halvor wajue kujitoa majini. Kila uchaguzi alisimama mlangoni na pai zake za samaki, akaomba kura ya bwawa. Mara tatu tulipiga kura, mara tatu watu walikula pai wakasema hapana, kwa kuwa jimbo halirudishi kitu.

Ndipo Orin Haugstad alipopata akili. Orin ni meya wetu, ni mkuu wa zimamoto ya kujitolea, na ndiye mwenye duka pekee la misumari na rangi. Alikuja ofisini kwangu, Fevronia akiwa ameketi pale anasubiri nimpigie chapa ombi lake la nne.

"Perpetua, mimi nani?" akaniuliza.

"Leo umeamka na nini? Meya."

"Na nani tena?"

"Mkuu wa zimamoto."

"Haya. Mkuu wa zimamoto anataka maji. Lita laki tatu."

"Utayaweka wapi?"

"Ndani ya shule mpya. Nje si yataganda?"

"Kwa hiyo yawe na joto?"

"Mama wee, unataka nizime moto kwa barafu?"

Nilielewa, nikacheka mpaka nikaweka kalamu chini. Fevronia hakucheka.

"Kwa nini tusiseme kweli?" akauliza.

"Shangazi," Orin akamwambia kwa upole, "kweli umeisema mara tatu. Ulipata kura ngapi?"

Fevronia alitazama ombi lake la nne, akalikunja, akalitia mfukoni.

Basi michoro ikachorwa upya. Mistari ya kugawa njia za waogeleaji ikawa alama za kupimia kina. Vyumba vya kubadilishia nguo vikawa vya wazimamoto, vikiwa na ndoano zilizopigwa kimo cha mtoto wa miaka minane. Tukaandika kwamba vikosi vyetu vina watu wafupi. Oktoba tukapiga kura ya kukopa dola milioni kumi na moja. Waliokubali mia mbili na kumi na wawili, waliokataa sitini na mmoja. Chini ya karatasi ya kura palikuwa na maneno kwamba jimbo litarudisha asilimia sabini kadiri bajeti yake itakavyoruhusu. Maneno hayo niliyasoma kwa sauti mkutanoni, kwa sababu kazi yangu naijua. Swali pekee lililoulizwa lilikuwa kama kahawa imebaki.

Shule ilipokwisha, idara ya elimu ya jimbo ikamtuma mkaguzi, Bwana Dwight Pruett, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kupima kila kitu kwa utepe hata akiwa ameshaambiwa urefu wake. Ukungu ulizuia ndege isirudi kumchukua kwa siku mbili, na hoteli yetu hufungwa msimu wa samaki ukiisha, kwa hiyo akalazwa kwa Fevronia. Orin nusura azimie. Alimfuata Fevronia jikoni akamshika mikono yote miwili.

"Shangazi, nakuomba. Mlishe, mlaze, lakini usiseme neno kuhusu hodhi."

"Akiniuliza?"

"Muongezee pai!"

Bwana Pruett aliongezewa pai mpaka akafungua kifungo cha suruali. Kesho yake tulimpeleka kwenye hodhi. Alisimama ukingoni. Akaingiza mkono majini, akautoa, akaufuta kwa leso. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiri ni nani angeniajiri nikifukuzwa.

"Bwana Haugstad," akasema. "Shule niliyosoma mimi iliungua. Nilikuwa darasa la pili. Gari la zimamoto lilikuja na maji ya dakika nne."

"Pole sana," Orin akasema.

"Nimekagua shule miaka ishirini. Kila mji unaniomba jukwaa, unaniomba kioo kikubwa mlangoni. Ninyi ni wa kwanza kunionyesha maji." Akamshika Orin mkono, akautikisa, akautikisa tena. "Nitahakikisha mnalipwa kila senti."

Orin alikosa pa kutazama. Fevronia alitoka nje, akasimama kwenye mvua bila kofia. Tulikuwa tumejiandaa kumdanganya mtu mbaya, wakatuletea mtu mwema. Mimi nilijisikia vibaya, nasema kweli, ila si vibaya vya kunifanya nifungue mdomo.

Barua ya idhini ilifika baada ya wiki tatu. Hodhi lote limekubaliwa, asilimia sabini, pamoja na pongezi. Na kwa kuwa Bwana Pruett alikuwa amelipenda hodhi letu kwa moyo wote, aliliwekea ulinzi: maji hayo yasitumike kamwe kwa kuogelea, michezo wala burudani, yasije yakachafuka au kupungua siku ya moto. Ikionekana yametumika hivyo, jimbo litasimamisha marejesho ya shule nzima na kudai yaliyokwisha kulipwa. Orin alisoma barua, akaigeuza kutazama kama nyuma kuna maneno ya kutupoza. Hapakuwa na kitu. Akaenda dukani kwake akachukua kufuli.

Kila Ijumaa Fevronia alikuwa akipita shuleni, anaweka kiganja kwenye kioo cha mlango wa hodhi, halafu anakwenda zake. Alikuwa na miaka sabini na moja. Hakulalamika. Aliniambia mara moja tu, "Perpetua, mimi nahesabu. Kila Mei wanapanda boti watoto wapya."

Mwaka uliofuata gavana alisimama kwenye televisheni akasema wananchi wanajua kutumia fedha zao kuliko serikali. Akafuta marejesho yote ya hatifungani za shule, jimbo zima, akafanya sifuri, na fedha hizo akaziingiza kwenye mgao wa mafuta ambao kila mkazi hupewa. Watu walishangilia. Port Halvor walishangilia mpaka wakapiga honi. Oktoba mgao ukaingia, mkubwa kuliko ambao tumewahi kuuona, na wiki ileile ikatoka bili ya kodi ya nyumba yenye saini yangu, maana deni la hatifungani halikufutwa na mtu, na sasa tulikuwa tunalibeba peke yetu. Familia yangu ilipokea kwa mkono mmoja ikatoa kwa mwingine, tukabaki na dola kumi na nne.

"Mwizi we!" jirani yangu alinipigia kelele dirishani. "Jimbo linatupa, wewe unanyang'anya!"

"Hiyo shule uliipigia kura."

"Nilipigia kura shule ya bure!"

Mkutano wa baraza ulijaa mpaka ngazini. Fevronia alisubiri wote wamalize kelele, akasimama.

"Sharti la kutoogelea ni ili jimbo litulipe," akasema. "Jimbo halilipi. Basi fungueni."

"Tukifungua tutapoteza haki ya kulipwa, Shangazi," Orin akasema.

"Kulipwa nini?"

"Yale wasiyotulipa."

"Orin, hebu jisikilize."

"Gavana huyu ataondoka. Akija mwingine akakumbuka madeni, atakuta sisi tumevunja sharti. Miji mingine italipwa, sisi tutabaki tunatazamana."

Wakapiga kura. Watano kwa wawili, hodhi libaki limefungwa. Fevronia hakuketi.

"Haya. Zimamoto bado mnataka watu wa kujitolea?"

Kicheko kikapita ukumbini. Orin naye akatabasamu, na hapo ndipo alipokosea.

"Kanuni yetu unaijua. Yeyote mwenye miguu miwili."

"Na kikosi cha vijana?"

"Kuanzia miaka minane, mzazi akitia saini."

"Na mazoezi yanafanyika penye maji?"

Orin aliacha kutabasamu. Lakini kanuni aliiandika yeye, na nakala ninayo kabatini. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa na saini za wazazi kumi na wanne, nyingine za watu waliokuwa wamenitukana dirishani.

Kila Jumanne baada ya masomo kikosi cha vijana kilifanya mazoezi. Kwa kuwa nguo za kuogelea zingekuwa ushahidi, Fevronia aliwavalisha nguo kamili: suruali nzito, koti la mvua, buti za mpira. Walishuka kwa ngazi mmoja mmoja, buti zikajaa maji, wakazama mpaka kifuani, wakalia. Na yeye alikuwa majini pamoja nao, na buti zake, nywele zake nyeupe zimemganda usoni. Aliwafundisha kulala chali na kuacha hofu ipite. Aliwafundisha kuzivua buti chini ya maji, na asiyeweza kuzivua aliogelea nazo. Nilikuwa nakaa benchi na daftari la mahudhurio, nikiandika "mazoezi ya maji". Kile tulichokifanya kwa ajili ya kudanganya kilikuwa somo bora kuliko ambalo bwawa halali lingetoa. Kusema kweli, hakuna mtu wa Port Halvor aliyewahi kuanguka baharini akiwa amevaa chupi ya kuogelea.

Bunge la jimbo likabadilika. Mwaka wa tatu likapitisha sheria ya kuilipa miji yote fedha zilizozuiwa, zote kwa mkupuo, baada ya ukaguzi. Barua ilisema mkaguzi atafika Alhamisi. Ndege, ambayo kwa kawaida huchelewa, mara hiyo iliwahi siku mbili.

Jumanne hiyo mlango wa hodhi ulifunguliwa, Bwana Pruett akaingia na utepe wake mkononi. Orin alikuwa nyuma yake anahema, amevuka mji mzima mbio bila kuwahi kutuonya. Majini kulikuwa na watoto kumi na wanne wamelala chali, makoti yao ya manjano yamevimba, midomo wameikaza. Fevronia alikuwa katikati, ameshika kisogo cha mtoto mmoja.

Maji tu yalikuwa yanagonga ukingo.

"Kikosi cha vijana!" Orin akasema kwa sauti isiyo yake. "Zimamoto. Mazoezi!"

Bwana Pruett alitazama buti. "Mazoezi ya kuzima nini?"

Mimi nilitazama daftari langu kana kwamba jibu ningelikuta mle. Fedha zote za miaka mitatu zilikuwa zimesimama pale mlangoni na utepe.

"Hatuzimi kitu, Dwight," Fevronia akasema kutoka majini.

"Shangazi!" Orin akanong'ona.

"Niache. Nimekaa kimya miaka mitatu, nimechoka." Akamgeukia mkaguzi. "Hili ni bwawa la kuogelea. Lilikuwa bwawa tangu siku ya kwanza. Ulikula chakula changu, ukalala chini ya picha ya mwanangu, na mimi nikakuficha ukweli. Hilo ndilo kosa langu, nisamehe. Hili la leo si kosa. Andika unavyotaka."

Bwana Pruett alikuwa ameumia, ilionekana. Alikuwa amelisifu hodhi lile kwenye mikutano, ametuonyesha kwa miji mingine kama mfano. Hatimaye alivuta kiti, akaketi karibu na maji.

"Mwanao alikuwa amevaa hivi?"

"Hivihivi."

"Wanaweza kufika ukutani?"

"Tisa wanaweza. Watano bado."

"Endelea," akasema. Akakaa mpaka mwisho wa somo, utepe umelala mapajani, hakuupima ukuta hata mmoja.

Tulingoja wiki tano. Orin alikonda. Taarifa ilipokuja, niliifungua mimi, nikamsomea akiwa amesimama. Ilisema hodhi lina ujazo ulioidhinishwa na liko katika hali nzuri. Ilisema mkaguzi alikuta watumiaji kumi na watano majini, wote wakiwa na nguo kamili na viatu. "Kwa muda wa dakika hamsini za uchunguzi," ilisema, "hakuna mtumiaji aliyeonekana kuburudika." Kwa hiyo sharti halijavunjwa, na mji ulipwe chote.

Orin alinikumbatia, akaikumbatia na mashine ya chapa. Fedha ziliingia, kodi ikashuka, jirani yangu akaniletea keki. Na baraza, likiwa limepata somo, likakaa kikao cha dharura kuhakikisha kwamba mji hautapoteza tena kilichopatikana kwa taabu vile. Nilitumwa niandike kibao cha pili. Nilikiandika kwa herufi kubwa, nikakipigilia ukutani juu ya maji: KUFURAHI NI MARUFUKU.

Mei, Jumanne ya mwisho kabla boti hazijatoka, Fevronia aliwapanga wale watano upande wa kina. Wanne walifika ukutani. Wa tano alikuwa Tikhon, wa miaka tisa, mtoto aliyekuwa akilia kila wiki tangu mwanzo. Aliingia, akazama, buti zikamvuta. Fevronia hakumshika. Mtoto akapanda juu, akatema maji, akapiga mikono vibaya, vibaya sana, akasonga. Sote tulikuwa tumesimama, hata Orin, aliyekuwa mlangoni kuangalia kama kibao kinafuatwa. Kiganja cha Tikhon kikagusa ukuta.

Akageuka, akatuona, akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kujaza chumba, na wenzake kumi na watatu wakaanza kucheka naye.

Fevronia alikuwa amengoja kicheko hicho kwa miaka kumi na sita. Nilimwona uso wake ukifunguka. Kisha akamtazama Orin mlangoni, akatazama kibao changu, akainua kidole chake chenye mikunjo na maji yakitiririka, akakiweka mdomoni.

"Shhh," akawaambia watoto. "Tuko kazini."

Nao, kwa kuwa ni watoto waliofundishwa vizuri, wakanyamaza.